Maswali ya Wasomaji: Umeshindwa Sataranji, Sasa Utazame Nini?

Toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wanaocheza sataranji watuandikie kuhusu michezo waliyoshindwa badala ya ile waliyoshinda. Barua zilizofika ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, kwa hiyo tumechagua tano, na ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa sababu ndani yake mna mambo yanayoulizwa pia na wengine wengi.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Huwa nacheza sataranji kwa simu, na kila ninaposhindwa hufungua uchambuzi wa kompyuta papo hapo. Nakuta hatua zangu mbovu zimetiwa alama nyekundu, natikisa kichwa, kisha naanza mchezo mwingine. Baada ya siku chache nashindwa tena kwa namna ileile. Nimekuandikia hatua za mchezo wangu wa karibuni, niliocheza na kete nyeusi, ambao nilimla malkia wa mpinzani na bado nikapigwa chekimeti, yaani mfalme wangu akatishwa bila pa kukimbilia, hatua mbili baadaye. Kompyuta inasema kosa langu ni kumla malkia. Nimesoma jibu hilo mara kadhaa na sioni limenifundisha nini.

JIBU: Marahaba. Kwanza nakushukuru kwa kuandika hatua zote, maana bila hizo tungebaki kubahatisha. Niuweke mchezo wako hapa ili wasomaji wenye ubao waufuate; katika jina la kila nyumba, herufi ni safu na namba ni mstari. Mweupe alimsogeza askari hadi e4, nawe ukajibu kwa askari wa e5. Akamtoa farasi hadi f3 kumtishia askari wako, ukamlinda kwa kusogeza mwingine hadi d6. Akamtoa askofu hadi c4. Askofu wako akaenda g4, akambana farasi wa f3 ambaye malkia alikuwa nyuma yake. Akamtoa farasi wa pili hadi c3, nawe ukasogeza askari hadi g6. Hapo ndipo farasi yule wa f3, uliyeamini kuwa amebanwa, alipomla askari wako wa e5 na kumwacha malkia bila kinga. Askofu wako akamla malkia pale d1. Askofu wake akamla askari wa f7 na kumpa mfalme wako cheki, yaani kumtishia moja kwa moja. Mfalme akawa hana pa kwenda isipokuwa e7. Farasi wa pili akaruka hadi d5, na mchezo ukaisha.

Mtego huu ni wa zamani sana. Unaitwa kwa jina la Légal, Mfaransa wa karne ya 18 aliyekuwa mwalimu wa Philidor, mchezaji mashuhuri wa sataranji, na tangu wakati huo umewanasa watu wasiohesabika, kwa hiyo usijione peke yako.

Tuje kwenye kosa lenyewe. Kompyuta haikudanganya iliposema kumla malkia ndiko kulikokumaliza. Kama ungemla farasi wa e5 kwa askari wako wa d6, malkia wake angemla askofu wako wa g4, nawe ungekuwa umepungukiwa na askari mmoja tu. Hiyo ni hasara, lakini mchezo ungeendelea. Hata hivyo hilo ni kosa la mwisho, na kosa la mwisho mara nyingi ndilo lenye mafunzo machache zaidi, kwa sababu lilitokea wakati ambapo mambo yalikuwa yameshaharibika. Rudi nyuma hatua moja, hadi pale uliposogeza askari wa g6. Kama badala yake ungemtoa farasi wako hadi c6, mtego wote ungekufa: farasi wake angekula e5, farasi wako wa c6 angemla hapo hapo, na kutoka e5 angekuwa anamlinda pia askofu wako wa g4. Mpinzani angepoteza farasi kwa kumpata askari mmoja. Kwa hiyo hatua ya g6, ambayo kwa macho haina ubaya wowote, ndiyo iliyoufungua mlango.

Bado hatujafika chini kabisa. Kwa nini ulidhani una nafasi ya kusogeza askari wa pembeni huku kete zake tatu zimekwisha kutoka na yako moja tu? Nadhani, na wewe mwenyewe utanithibitishia, ni kwa sababu ulikuwa umeshajiambia kwamba farasi wa f3 hawezi kusogea. Hapo ndipo penye kosa. Farasi aliyebanwa mbele ya mfalme hawezi kusogea kwa sheria ya mchezo. Farasi aliyebanwa mbele ya malkia anaweza kusogea wakati wowote. Kinachomzuia ni gharama tu, na mpinzani akipata kitu chenye thamani kuliko malkia atailipa gharama hiyo bila kusita. Kompyuta haiwezi kukuambia jambo hili kwa sababu haijui ulikuwa unafikiri nini. Inaona hatua, haioni wazo lililoizaa.

Ndiyo maana nakushauri ubadili mpangilio wa kazi yako. Mchezo ukiisha, usiifungue kompyuta kwanza. Urudie mchezo mzima kwenye ubao, polepole, na katika kila mahali ulipotumia muda mrefu au ulipohisi wasiwasi andika sentensi moja: nilidhani atafanya hivi, nilikusudia kufanya vile, hatua nyingine niliyoifikiria ni ile. Andika hata kama wazo linaonekana la kipuuzi sasa. Baada ya hapo taja wewe mwenyewe hatua unayoamini kuwa ndiyo iliyokuangusha. Kisha ndipo uifungue kompyuta, ulinganishe. Mahali mlipotofautiana ndipo pa kukaa na kuchimba, na mara nyingi utakuta kompyuta imekosoa hatua ambayo hata hukuiwekea alama kwa sababu uliicheza bila kuiuliza chochote.

Kuhusu namba ambazo kompyuta inazionyesha, zisome kwa akili. Moja kamili ni sawa na faida ya askari mmoja. Alama ya kuongeza ni ya mweupe na ya kutoa ni ya mweusi. Namba ikishuka kutoka sita hadi nne, mweupe bado anashinda, na hakuna haja ya kupoteza jioni nzima ukitafuta ulichokosa. Ikishuka kutoka nusu hadi kutoa mbili, mchezo umegeuka, na hapo ndipo pa kusimama. Wapo wachezaji wanaotaka kufuta kila alama nyekundu na ya njano kama mwalimu wa shule anayesahihisha imla. Wanachoka na kuacha. Mchezo mmoja ukikupa somo moja, tena lililoandikwa kwa maneno yako, umelipwa vya kutosha.

Umesema pia kwamba unashindwa kwa namna ileile. Watu husema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, lakini katika sataranji kosa halirudi likiwa na sura ileile. Safari ijayo hakutakuwa na askofu wa g4 wala farasi wa f3. Huenda atakuwa ngome aliyebanwa mbele ya malkia, au askari unayeamini hawezi kula kwa sababu anamlinda mwenzake. Ukiliandika kosa kwa jina la ufunguzi, yaani mpangilio wa hatua za mwanzo wa mchezo, litakuponyoka. Ukiliandika kwa jina la wazo, yaani "niliamini kete fulani haiwezi kusogea wakati inaweza", utalitambua likija limevaa nguo nyingine. Pangeni daftari hivyo, wewe na wengine mnaosoma, na baada ya michezo kadhaa mtashangaa jinsi kurasa zinavyojaa upande mmoja.

Kama unataka mfano wa mtu mzima aliyefanya kazi hii kwa dhati, mtazame Mikhail Botvinnik. Alipoteza ubingwa wa dunia kwa Vasily Smyslov mwaka 1957 na kuurudisha mwaka 1958. Akaupoteza tena kwa Mikhail Tal mwaka 1960, akamshinda katika pambano la marudiano mwaka 1961. Alishikilia kwamba mchezaji aichambue michezo yake mwenyewe na kuuchapisha uchambuzi huo, ili wengine wapate nafasi ya kuupinga. Sisi wengine hatuhitaji kuchapisha kitu. Lakini kumwonyesha rafiki mmoja uchambuzi wako na kumruhusu akukatalie kunasaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa kila mmoja wetu huyatetea mawazo yake mabovu hata akiwa peke yake.

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi sikushindwa, nilitoka sare, lakini inaniuma kuliko kushindwa. Nilibaki na mfalme wangu c3 na malkia wangu d6. Mwenzangu alikuwa na mfalme peke yake, amejibanza pembeni h8. Nikampeleka malkia g6 ili nimfungie njia zote, naye akacheka, akaninyoshea mkono: sare. Je, hili nalo lina cha kuchambuliwa au ni bahati mbaya?

JIBU: Si bahati mbaya, na lina cha kuchambuliwa, ingawa uchambuzi wake ni mfupi. Malkia akiwa g6 anazifunga g8, g7 na h7, lakini hampi mfalme wa h8 cheki. Mchezaji ambaye ni zamu yake, hana hatua halali hata moja, wala hayumo kwenye cheki, amepata sare. Malkia angekuwa f7 badala ya g6, matokeo yangekuwa yaleyale.

Tazama sasa ungefanya nini kutoka d6. Mpeleke malkia e7. Mstari mzima wa saba unafungika, na mfalme wake anabaki na nyumba mbili tu za kuhangaika, g8 na h8. Mwache ahangaike. Wewe mlete mfalme wako d4, kisha e5, kisha f6, na yeye popote atakapokuwa kati ya zile mbili, malkia wako anatua g7 akilindwa na mfalme, na mchezo umekwisha kwa hatua tano kuanzia ile ya e7.

Kinachonivutia katika barua yako ni neno ulilolitumia mwenyewe: "nimfungie njia zote." Ulikuwa unatazama njia zake na kusahau zamu yake. Anayeongoza kwa mbali huacha kuuliza mpinzani atafanya nini, kwa kuwa anadhani hawezi kufanya lolote. Na katika hali yako "hawezi kufanya lolote" ndiyo iliyokuwa balaa yenyewe. Ukiwa mbele sana, kabla ya kila hatua mtafutie mpinzani hatua moja anayoweza kuicheza. Usipoiona, na hujampa cheki, usiiguse hiyo kete.

SWALI: Mimi huchambua michezo niliyoshindwa kwa mbinu kubwa, lakini ile niliyoshindwa kwa kuacha ngome bure au kutoona chekimeti ya hatua moja naifuta. Huo ni uzembe tu, hakuna la kujifunza. Nakosea?

JIBU: Unakosea, na niseme hivyo bila kuzunguka. Michezo unayoifuta ndiyo inayokupotezea alama nyingi kuliko mingine yote.

Mnamo Novemba 2006 mjini Bonn, Ujerumani, Vladimir Kramnik, akiwa bingwa wa dunia, alicheza na programu ya Deep Fritz. Katika mchezo wa pili, akiwa na kete nyeusi na hali ambayo ingetosha kumpa sare, alimpeleka malkia wake e3. Malkia mweupe akatua h7, akilindwa na farasi aliyekuwa f8. Chekimeti ya hatua moja. Hakuna anayeweza kusema Kramnik hakujua kucheza. Ila farasi mweupe pale f8 si jambo ambalo jicho limelizoea. Macho yetu hutafuta hatari katika nyumba ambazo hatari hutokea kila siku, na kuzipita zile nyingine.

Kwa hiyo neno "uzembe" linafunga uchunguzi kabla haujaanza. Badala ya kuandika "uzembe", andika mambo matatu: ilikuwa hatua ya ngapi, saa yako ilikuwa imebakiza muda gani, na nini kilitokea hatua moja kabla. Hilo la tatu ndilo lenye siri. Wengi huacha kete bure mara tu baada ya kutoka kwenye shida, wanapopumua. Wengine baada ya kula kitu, kwa sababu akili bado inahesabu faida. Wengine baada ya kuandaa mpango mzuri wa upande wa kulia, hata hawakumbuki kwamba ubao una upande wa kushoto. Ukijua lako ni lipi, unajua ni dakika ipi ya mchezo unapaswa kukaa juu ya mikono yako.

Na kabla ya kugusa kete, kila mara, tazama mpinzani anaweza kukupa cheki zipi, anaweza kula nini, na anatishia nini. Inachukua sekunde chache. Katika michezo ya dakika tatu hutazipata sekunde hizo, na hiyo ndiyo sababu mojawapo ya mimi kutouthamini sana mchezo wa haraka kama njia ya kujifunza. Ni burudani nzuri, lakini ukishindwa humo mara nyingi unachojifunza ni kwamba saa ilikwisha.

SWALI: Je, ni ustaarabu kumwomba aliyenishinda tuupitie mchezo pamoja? Naogopa ataniona nalalamika.

JIBU: Ni desturi ya siku nyingi katika mashindano, na wachezaji wengi hufurahi kuombwa, ilimradi uombe baada ya matokeo kuandikwa na mkae mbali na wale ambao bado wanacheza. Mtakie heri ya ushindi kwanza. Kisha usianze kwa kumwonyesha mahali ambapo wewe ungeshinda. Hilo ndilo linalosikika kama malalamiko. Muulize alikuwa anaogopa nini. Utasikia ametumia dakika nyingi akihofia hatua ambayo wewe hata hukuiona, au alikuwa ameshakata tamaa wakati ule ulipodhani umebanwa. Habari hizo huzipati kwenye kompyuta yoyote, na kesho yake hata yeye atakuwa amezisahau.

Msikubaliane kwa kila kitu. Mkibishana juu ya hatua moja, iandike, mkaikague baadaye.

SWALI: Mwanangu ana miaka tisa. Akishindwa analia, na baba yake humkalisha hapo hapo kumwonyesha alipokosea. Mimi naona inamchosha, lakini sijui sataranji, kwa hiyo siwezi kubisha.

JIBU: Mama, bisha tu, na unaweza kuonyesha jibu hili. Mtoto anayelia hasikii habari za askofu. Mwacheni anywe maji, acheze kitu kingine, na mchezo wenyewe usubiri hadi kesho, hautabadilika. Kwa sababu hiyohiyo ni vizuri awe anaandika hatua zake tangu sasa. Kanuni za shirikisho la dunia, FIDE, zinawataka wachezaji wa michezo ya muda mrefu waandike hatua zao na za mpinzani kadiri mchezo unavyoendelea, kwa hiyo atakuwa anajizoeza jambo atakalolihitaji hata hivyo.

Kesho ikifika, baba asimwonyeshe kosa. Amwombe mtoto amsimulie mchezo wenyewe tangu mwanzo: hapa nilitaka nini, hapa niliogopa nini. Watoto wengi wakisimulia hufika mahali wakasimama wenyewe, "aa, hapa ningemtoa farasi." Likitoka kinywani mwake ni lake. Asiposimama popote, baba achague sehemu moja tu, aipange kwenye ubao, na amwulize angecheza nini sasa, bila kumwambia kwamba ndipo alipokosea. Iwe ile ambayo kulikuwa na hatua nzuri ya kupatikana, maana mtoto atakayegundua hatua nzuri aliyoikosa atataka kucheza tena, na yule anayeorodheshewa hatua mbaya alizozifanya atatafuta mchezo mwingine. Dakika kumi zinatosha. Nawe ukitaka kushiriki, yeye akufundishe wewe kete zinavyokwenda, kwa kuwa hakuna mwanafunzi anayeuliza maswali magumu kama asiyejua kitu, na kuna mambo atalazimika kuyaeleza ambayo bado anayafanya kwa mazoea tu.